Andiko langu la utafiti wa menejimenti limepigwa chini mara ya pili, nakosea wapi?

Mtafuta Fungu
Habari zenu wakuu. Naombeni mawazo na msinionee huruma, niambieni ukweli. Mimi ni mhadhiri msaidizi kwenye chuo kimoja huku kanda ya kati, nafundisha menejimenti, PhD iko katikati na hela ya kukusanya data sina. Mwaka jana niliandika andiko la kuomba ufadhili, likarudi. Nikalirekebisha, nikaongeza kurasa, nikaongeza marejeo, nikapeleka kwa mfadhili mwingine, juzi limerudi tena na safari hii wameniwekea maoni ya sentensi tatu: swali ni pana mno, haieleweki nani atatumia matokeo, sampuli haitoshi. Basi. Miezi 4 ya kukesha nalipwa sentensi 3.

Kichwa chenyewe kwa Kiswahili ni "Athari za mbinu za menejimenti kwenye ufanisi wa biashara ndogo na za kati Tanzania". Nilipanga kuhoji biashara 60 kwenye mikoa mitatu, dodoso la kujaza 1 mpaka 5 (sikubaliani kabisa hadi nakubaliana kabisa), halafu nafanya rigresheni (hesabu ya kuona kipi kinaendana na kipi). Pengo la utafiti nimelieleza vizuri tu, kwamba tafiti nyingi zimefanyika Ulaya na Asia na hapa kwetu hakuna. Kwenye umuhimu nimeandika matokeo yatawasaidia watunga sera, wafanyabiashara, wasomi na wadau wengine. Bajeti milioni 38.

Wenzangu ofisini wanasema nisijisumbue, ni kujuana tu. Ni kweli? Maana sisi chuoni tulifundishwa kuandika la kumridhisha msimamizi, sura ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna aliyetufundisha kuandika la kumfanya mtu atoe hela.

Kijiwe Nongwa
Wenzako wamekwambia ukweli mkuu. Hizo hela zina wenyewe, tangazo linatoka siku mshindi anajulikana tayari. Na baada ya USAID, shirika la misaada la Marekani, kufungwa 2025 na Waingereza kutangaza kushusha misaada yao mpaka asilimia 0.3 ya pato lao ifikapo 2027, kilichobaki kinagombaniwa na wakubwa. Fuga kuku.

Bi Mhakiki
Mtafuta Fungu pole mdogo wangu. Kijiwe naye tumwache na kuku wake, ingawa kwenye kupungua kwa hela hajakosea, ndio maana andiko la "sio baya" siku hizi halitoshi.

Nimekaa kwenye meza za kupitia maandiko mara kadhaa kwa hiyo nikueleze huwa inakuwaje. Unatumiwa maandiko 20 au 30, una wiki mbili, na una kazi yako nyingine ya mshahara. Unayasoma usiku watoto wamelala. Ukurasa wa kwanza unausoma wote, wa pili unaupitia, bajeti unaitazama, halafu unarudi kutafuta sababu ya kulikataa maana lazima ubakize matano. Hatutafuti andiko la kulipenda, tunatafuta la kulitoa. Wewe umetupa sababu tatu kwenye ukurasa mmoja.

Ya kwanza ni hilo pengo. "Hapa kwetu hakuna" sio sababu ya mtu kutoa milioni 38. Hata vinyozi wa Mpanda hawajafanyiwa utafiti wa menejimenti, kwa hiyo tuwafanyie? Mwambie mfadhili kutojua kunamgharimu nani na kiasi gani. Halafu kibaya zaidi sio kweli kwamba hakuna! Wachumi wa Norway kwa kushirikiana na kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwafundisha biashara wateja wa PRIDE, taasisi ya mikopo midogo, pale Dar, matokeo yakachapishwa 2015, wanaume mafunzo yaliwainua, kwa wanawake yakawa hafifu. Kuna Wajapani na wenzao wa hapa wamefanya majaribio ya kaizen, ile mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi kidogo kidogo, kwa washonaji wa Dar na yamechapishwa 2019. JICA, shirika la misaada la Japani, na wizara ya viwanda walianza mradi wa kaizen 2013. Sasa mhakiki anayezijua hizi akikuta umeandika "hakuna" anafunga faili, na hatakwambia kwamba amefunga hapo, atakuandikia sentensi ya adabu kuhusu sampuli.

Ya pili, "watunga sera na wadau wengine". Huyo mtu hayupo, hana ofisi, hana simu. Niambie ni nani ana uamuzi mezani mwaka huu na anasubiri jibu lako ili aamue. Labda SIDO mkoa, wale wa shirika la viwanda vidogo, wanataka kujua waendelee na semina ya siku tano au wawatembelee watu kiwandani. Labda benki. Labda chama cha wenye viwanda. Mmoja tu, mwenye jina, na barua yake iwe kwenye viambatisho ikisema tukipata majibu haya tutafanya hivi.

Ya tatu ni hilo dodoso la 1 mpaka 5. Mdogo wangu, ukimuuliza bosi "unasimamia vizuri kazi yako?" unategemea ajibu nini? Wale waliofanya utafiti mkubwa wa dunia wa menejimenti, kina Bloom na Van Reenen, walimaliza mahojiano kwa kuwaomba mameneja wajipe alama wenyewe, alama hizo hazikuonyesha uhusiano wowote wa maana na hali halisi ya kampuni. Wao wenyewe walitumia maswali ya wazi 18, "nieleze mashine ikiharibika nini kinatokea", anayehoji ndiye anatoa alama 1 mpaka 5 na meneja hajui kama anapewa alama. Ukiandika aya moja kuonyesha unaijua hiyo tofauti tayari umewaacha nyuma nusu ya wenzako.

Kuna bwana mmoja alikuwa mkuu wa DARPA, shirika la utafiti wa kijeshi kule Marekani, kwenye miaka ya 1970, George Heilmeier, alikuwa anawauliza wote wanaoomba hela maswali yale yale: unataka kufanya nini, sema bila maneno ya kitaalamu. Leo kinafanywaje na kimeishia wapi. Kwako kipya ni kipi na kwa nini unadhani kitafanikiwa. Nani anajali. Hatari ni zipi, ni shilingi ngapi, muda gani, na katikati ya safari tutajuaje kama unaelekea. Yajibu kwa Kiswahili kwanza, kwa mama yako. Ukishindwa kumweleza mama, Kiingereza hakitakuokoa, kitakuficha tu.

Sasa swali langu. Uko kanda ya kati. Biashara gani huko unaijua kwa macho yako, sio kwa kusoma?

Mtafuta Fungu
Bi Mhakiki umenichapa lakini asante sana dada yangu. Hilo la PRIDE sikulijua na naona aibu.

Ninayoijua kwa macho ni ya kukamua alizeti. Mjomba wangu ana mashine Singida, nimekua nazibeba gunia pale likizo. Ila niliona ni kitu kidogo mno kwa andiko la kisomi, ndio nikapanua mpaka "biashara ndogo na za kati Tanzania".

Bi Mhakiki
Umepanua ukaipoteza. Rudi Singida.

Kinu cha Singida
Mi si msomi nimepita tu lakini mmetaja alizeti imebidi nijisajili. Nina mashine mbili za kukamua, mwaka wa tisa huu. Wameshakuja wanafunzi kama watano na karatasi zao, wote wananiuliza nimeajiri wangapi na mtaji wangu kiasi gani. Kijana wangu hakuna mtu atakujibu mtaji wake. Wengine wanadhani umetumwa na TRA, wengine wanaogopa ndugu. Faida ndo usiulize kabisa utapewa namba ya kukufukuza.

Mnataka kujua menejimenti niwaambie ya kwetu. Msimu alizeti inaingia kuanzia mwezi wa tano hivi, wote tunaikimbilia, bei inapanda, mwenye hela ya kununua nyingi na stoo kavu ndo atakamua mpaka mwisho wa mwaka, asiye na hela anakaa mashine imefunikwa turubai. Halafu ndani ya msimu wenyewe mashine inasimama. Umeme umekata, hiyo sio menejimenti. Lakini vile vyuma vya ndani vinavyokamua vinalika taratibu, mafuta yanapungua kidogo kidogo na mashudu yanatoka bado yana mafuta, ukiyashika mkononi yanateleza, na mwenye mashine hajui maana haandiki kilo zilizoingia wala lita zilizotoka. Anakuja kushtuka imesimama kabisa, anaanza kupiga simu Dar kutafuta kifaa siku nne, na foleni ya wateja inahamia kwa jirani. Jirani huyo huyo ana kifaa cha akiba kwenye kabati. Mashine moja, mwaka mmoja tulinunua, tofauti yetu ni kabati.

Sasa hiyo kwenye vitabu vyenu mnaiitaje?

Bi Mhakiki
Kaka Kinu hiyo kwenye vitabu vyetu inaitwa menejimenti na umeieleza kuliko maandiko yote niliyosoma mwaka huu. Tena hicho ulichosema kinafanana na walichokuta India. Kina Bloom hao hao waliingia kwenye viwanda vya nguo vya familia karibu na Mumbai, kampuni 17, wakakuta vipuri havina orodha, nyuzi zimeozea stoo, mashine inatengenezwa ikishakufa tu. Wakalipia washauri wakae na baadhi ya viwanda miezi mitano kuwafundisha vitu vya kawaida kabisa, kuandika, kupanga stoo, kukagua mashine kabla haijaharibika, wengine wakawafanyia uchunguzi tu. Mwaka wa kwanza tija ilipanda asilimia 17. Matokeo yametoka 2013. Waliporudi miaka kama minane baadaye karibu nusu ya zile mbinu zilikuwa zimeachwa, ila bado viwanda vile vilikuwa mbele ya wenzao.

Mtafuta Fungu umeona? Hapo ndipo pengo lako lilipo. Haitakuwa tena "Tanzania hakuna". Itakuwa: India walituonyesha inafanya kazi kwenye kiwanda chenye wafanyakazi mamia na washauri wa bei mbaya, je kwenye mashine ya watu wanne inayofanya kazi kwa msimu, kwa daftari na fundi wa mtaani, inafanya? Mhakiki akisoma hiyo anakaa vizuri kitini.

Wa Eldoret
Salamu kutoka Kenya. Hii thread imenibamba. Naongezea kitu kimoja ambacho watu huchukulia mchezo: access, yaani ruhusa ya kuingia kwenye data. Juzi nikiwa kwa panel nilisoma andiko safi sana, njia safi, maandishi safi, lakini hakukuwa na hata barua moja ya kampuni kusema tumekubali huyu mtu aingie. Tukaliweka kando. Mtu wa menejimenti data yake iko ndani ya ofisi ya mtu mwingine, si kama mwenzake wa mahindi ambaye shamba ni lake. Onyesha mlango umeshafunguliwa, hata kama ni wenye mashine sita wamekupa barua na umeshakaa nao wiki mbili ukajaribu fomu yako. Hiyo wiki mbili andika ndani ya andiko, sema ulijaribu nini na kikakataa.

Na vibali viwe kwa ratiba. Kwetu ni leseni ya NACOSTI, tume yetu ya sayansi, kwenu naskia ni chuo na COSTECH, tume yenu ya sayansi, halafu barua zishuke mkoa, wilaya, kata. Ukiandika "mwezi wa kwanza: kukusanya data" mtu anayejua ofisi zetu atacheka. Tena sheria za data za watu binafsi ziko pande zote sasa, yetu ya 2019 na yenu ya 2022, kwa hivyo sema data itahifadhiwa wapi na nani ana password.

Namba Hazidanganyi
Tuongee sampuli maana ndio iliyokuua mkuu na ndio wengi wanakopa kutoka kwenye tasnifu ya mwenzao bila kuelewa.

Tuseme una mashine 60, nusu unazisaidia nusu unaziacha ulinganishe. 30 kwa 30. Kwa vigezo vya kawaida (uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti ikiwepo, na asilimia 5 tu ya kudanganywa na bahati) unaweza kuona tofauti ya kuanzia kama 0.72 ya mtawanyiko, yaani kiasi ambacho namba za biashara moja moja zinapishana na wastani. Kwa lugha ya sokoni: kama faida ya wastani ni milioni 1 kwa mwezi na mtawanyiko wake nao ni milioni 1, na kwa biashara ndogo ndivyo ilivyo au zaidi, basi msaada wako lazima uongeze laki 7 na zaidi ndio takwimu zikuone. Sasa McKenzie wa Benki ya Dunia alijumlisha majaribio mengi ya mafunzo ya biashara 2021, wastani faida inapanda kama asilimia 10. Asilimia 10 kwenye milioni 1 ni laki moja. Ili uione laki moja unahitaji mashine zaidi ya 1,500 kila upande. Singida nzima na Dodoma ukiziunga hupati.

Kwa hiyo mhakiki wako alikuwa sahihi, tena alikuwa mpole.

Watu wakisikia hivi wanakata tamaa au wanaficha hesabu. Usifiche. Kuna njia. Moja ni kuachana na faida, pima kitu kilicho karibu na menejimenti na chenye kelele kidogo, kisichoyumba sana, Kinu ameshakutajia: masaa ambayo mashine imesimama wakati umeme upo na alizeti ipo. Na kilo zinazoingia kwa lita zinazotoka. Pili pima mara nyingi, usipime mwanzo na mwisho tu. Ukipima kila wiki kwa msimu mzima, ule upepo wa wiki moja moja unajifuta wenyewe na mashine 60 zinaanza kuongea. Tatu, na hii ndio ushauri wangu kwa mtu wa milioni 38, usiombe hela ya kuthibitisha, omba hela ya kujaribisha. Andika wazi kwamba hii ni hatua ya kwanza, inatafuta kujua kipimo kinapimika, wenye mashine wanakubali kwa kiwango gani, na mtawanyiko ni kiasi gani ili hatua ya pili ipigiwe hesabu ya kweli. Wafadhili wengi wana fungu dogo la namna hiyo na mlangoni pake watu ni wachache maana wote tunataka kuandika "athari".

Tahadhari moja kwenye lita kwa kilo. Mbegu zinatofautiana. Mbegu ya alizeti inayoitwa Record ina mafuta kidogo kuliko chotara, kwa hiyo mwenye wakulima wa chotara ataonekana meneja bora kumbe ni mbegu. Iandike hiyo hatari mwenyewe kabla hujaandikiwa, na useme utarekodi aina ya mbegu kila mzigo.

Mzee wa Bajeti
Wasomi mnaongea weee lakini hamjafika kwenye hela. Nimekaa ofisi ya miradi ya chuo miaka mingi, nimeona maandiko mazuri yakifa kwenye eksel.

Kijana umesema milioni 38. Nitakubashiria: milioni 20 na ushee ni posho, kuna "semina ya uzinduzi", kuna laptop mpya, na mwisho kuna "dharura asilimia 10". Nimekosea? Mfadhili anasoma bajeti kama simulizi ya pili. Kama andiko linasema utapima kila wiki kwa wiki 16 na bajeti ina safari 2 za Singida, mmoja kati yenu anadanganya. Kila mstari wa kazi uwe na mstari wa hela, na kila mstari wa hela uwe na hesabu, watu wangapi mara siku ngapi mara shilingi ngapi, sio "usafiri 4,000,000".

Wanachosahau vijana: siku za kuwafundisha wahojaji na siku za kujaribu fomu, vocha, bodaboda za kutoka barabarani mpaka kwenye mashine, kutafsiri dodoso na kulirudisha kwenye lugha ya mwanzo kuona kama limebaki lile lile, ada za vibali, na kurudi kuwaeleza wenye mashine mlichokiona. Hicho cha mwisho mfadhili anakipenda na ni cha bei ndogo, ukumbi wa halmashauri, maji na chapati. Programu ya kukusanyia data sio lazima ulipie, KoboToolbox ipo ya bure. Na uliza chuo chako mapema kinakata asilimia ngapi kwenye miradi, maana kuna wafadhili wana kikomo cha gharama za taasisi na kuna wasiolipa kabisa, usije ukagundua baada ya kusaini.

Halafu dola. Andiko unaliandika leo, hela inaingia mwaka kesho. Mwishoni mwa 2024 shilingi yetu ilitoka kama 2,700 kwa dola ikafika kama 2,400 ndani ya muda mfupi, kuna mradi nilikuwa nausimamia ulipoteza mshahara wa mhoji mmoja mzima kwa sababu tu tulipiga hesabu kwa bei ya siku tuliyofurahi. Weka kiwango, andika tarehe ya kiwango, acha nafasi kidogo.

Kijiwe Nongwa
Sawa mmemfundisha. Akikosa tena?

Bi Mhakiki
Akikosa tena ataomba maoni, atarekebisha, atapeleka kwingine. La kwangu la kwanza lilipita mara ya nne. Kujuana kupo sikatai, ila kujuana kunakofanya kazi zaidi ni kule kwa kumwandikia afisa wa mfuko barua pepe ya mistari sita kabla ya dedlaini kumuuliza "wazo hili linaingia kwenye vipaumbele vyenu?" Wengi wanajibu. Wabongo tunaona haya kuuliza, tunasubiri kukataliwa rasmi.

Mtafuta Fungu
Wakuu nimekaa siku tatu na haya maneno. Jumamosi nilikwenda Singida kwa mjomba, tukazunguka kwa wenye mashine tisa, saba wamekubali kuandika barua, mmoja kanifukuza, mmoja alikuwa msibani. Nimeandika upya ukurasa wa kwanza, nauweka hapa mnichane:

"Mashine ndogo za kukamua alizeti mkoani Singida husimama mara kwa mara katikati ya msimu hata umeme unapokuwepo na alizeti inapokuwa stoo. Wenye mashine tuliozungumza nao wanataja vipuri kuchakaa bila kufuatiliwa na kutokuwepo kwa kumbukumbu za kila siku. Utafiti uliofanyika kwenye viwanda vya nguo vya India ulionyesha kwamba mbinu rahisi za menejimenti zinapandisha tija, lakini ulifanyika kwenye viwanda vikubwa kwa kutumia washauri wa gharama kubwa. Haijulikani kama mbinu hizo zinaweza kufanya kazi kwenye kitengo cha wafanyakazi wanne, kwa gharama ambayo ofisi ya SIDO ya mkoa inaweza kuibeba. Tunaomba ufadhili wa msimu mmoja kujaribu daftari la kila siku, ratiba ya ukaguzi na kabati la vipuri kwenye mashine 30, tukizilinganisha na nyingine 30 zitakazochaguliwa kwa bahati nasibu. Tutapima kila wiki masaa ya mashine kusimama na lita zinazopatikana kwa kila gunia. Lengo la hatua hii si kuthibitisha athari bali kujua kama vipimo hivi vinapimika na wenye mashine watavikubali, kabla ya kuomba fedha za jaribio kubwa."

SIDO nimepata miadi Alhamisi, sijapata barua bado.

Bi Mhakiki
Hii ningeisoma mpaka mwisho. Marekebisho mawili. "Haijulikani" anza nayo mapema, imekaa katikati imejificha, mimi usiku ule nasoma mistari mitatu ya kwanza kwa macho yote. Na SIDO usiitaje kabla ya Alhamisi, wakikataa unabaki na jina la mtu asiyekujua kwenye andiko lako. Kingine, hao 30 wa kulinganisha wanapata nini? Usiwaache mikono mitupu, waahidi daftari na kabati msimu unaofuata, la sivyo wiki ya tatu hawatapokea simu.

Namba Hazidanganyi
Safi. Weka na jedwali dogo la hesabu ya sampuli kwenye kiambatisho, ukionyesha kwamba unajua 30 kwa 30 haiwezi kuona nini. Kukiri kwenyewe kunakupa alama.

Kinu cha Singida
Kijana umeandika vizuri hata mimi nimeelewa. Ila "lita kwa kila gunia", gunia lipi? Huku kuna gunia la kawaida, kuna lumbesa limeshonwa kichwa juu mpaka linashindwa kubebeka, kuna la mwenye shamba aliyeanika na la aliyeleta na umande. Mbili zinakaa pamoja stoo kwangu zinapishana kilo hata kumi na tano. Huyo mama mhakiki akiwa amewahi kununua alizeti atakukamata hapo hapo.

Mtafuta Fungu
Duh. Nimefuta gunia nimeandika kilo. Na kwenye bajeti nimetoa laptop nimeweka mizani.

Mzee wa Bajeti
Mizani mingapi mara shilingi ngapi?